Kwa Mama Mkwe Aliyenipandisha Mawimbi ya Usenge

Mama mkwe wangu mpendwa,

Upepo wa alasiri umerudi, ule unaotoka ziwani na kutikisa mabati ya jikoni hadi mtu hasikii redio. Tangu jana nimetaka kukuandikia, na kila nikianza naacha, kwa sababu wewe hukupenda mambo ya barua. Ulikuwa ukisema mtu mwenye neno alilete mwenyewe kwa miguu yake. Sasa siwezi kuja uliko. Na neno ninalo, tena linamhusu mwanao, kwa hivyo nivumilie.

Nakumbuka siku ya kwanza nilipokuona. Mwanao Ochieng alikuwa amenileta hapa Usenge kutoka Kisumu ili unijue kabla hatujaoana. Nilivaa gauni la maua nililojishonea na viatu vya kisigino, na mkononi nilibeba mkate, sukari na majani ya chai, kama mama yangu alivyoniagiza. Nyumbani hatukukuta mtu. Jirani akatuambia uko ufuoni. Ochieng akaanza kutembea polepole akiangalia chini, nami nikadhani ni haya ya kijana anayepeleka mchumba kwao. Tukawapita wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa wa omena kwenye nyavu zilizotandikwa juani, na mmoja wao akatuelekeza majini kwa kidevu tu.

Hapo ndipo nilipokuona. Mwanamke mtu mzima, leso moja kifuani na nyingine kichwani, amepiga magoti juu ya ubao, na wimbi limembeba linamleta moja kwa moja kwetu. Ulipofika mchangani ulishuka kama mtu anayeshuka baiskeli, ukaweka ubao kwapani, ukaniangalia kutoka viatu hadi nywele.

"Karibu," ukasema. "Hii ndio mgeni yangu? Mbona imevaa kama inaenda benki?"

Wanawake wa omena walicheka, na mimi nikacheka, ingawa moyoni nilitaka ardhi inimeze. Ochieng hakucheka. Sikujua sababu, na sikuuliza kwa miaka mingi sana.

Wanaosoma barua hii wengi hawakukufahamu, basi niwaambie. Ule ubao ulikatwa kwenye mashua kuukuu ya baba yako, aliyekuwa fundi wa mashua. Alikuchongea ukiwa msichana, akaupunguza ncha ya mbele na kuulainisha usikuchome. Enzi zenu wasichana wa pale ufuoni walipanda mawimbi kwa vipande vya mbao jioni wakimaliza kuosha vyombo, na walipoolewa waliacha. Wewe, kama nilivyoamini tangu siku ile, hukuacha.

Mimi nilikuwa mtoto wa wenye duka. Ingawa tulizaliwa Kisumu, ziwa kwetu lilikuwa kwenda ufuo wa Dunga siku ya sikukuu, kula samaki wa kukaanga, kunawa mikono na kurudi nyumbani. Mama yangu, aliyekulia kwenye baridi ya Nyeri, hakuruhusu maji yatupite kifundo cha mguu. Kwa hivyo uliponiambia, mwaka wa kwanza wa ndoa, likizo ya Agosti, "Wairimu, kesho wewe na mimi tunaingia," sikulala vizuri.

Ulinilaza kwenye ubao pale maji yanapofika kiunoni, ukaushika nyuma.

"Lala. Lala kama mtu imechoka."

"Nitaanguka, Mama."

"Ndiyo, utaanguka. Maji iko laini."

Nilianguka. Maji yaliingia puani, yakatokea machoni, nikakohoa hadi nikadhani nimemwaga mapafu. Ulisimama pembeni yangu ukinipigapiga mgongo. "Mos, nyathina," ulisema, ndiyo kusema pole, mwanangu. Ukangoja nimalize. Kisha ukasema, "Tena." Ile likizo sikushika wimbi hata moja. Mwaka uliofuata, mchana mmoja, nilisikia ubao umekuwa mwepesi ghafla na ufuo unanijia wenyewe, na nilipogusa mchanga nilikuwa ninapiga kelele kama kichaa. Uligeuka kuwaambia wanawake wa omena jambo kwa Dholuo. Nilikuja kuelewa baadaye ulisema, "Sasa ameolewa."

Kiswahili chako kilikuwa kidogo na Dholuo yangu ilikuwa ndogo zaidi. Jikoni tulipata taabu, tukawa tunaonyeshana sufuria na vidole. Majini hatukuhitaji maneno mengi. Nilipopoteza mimba ya pili, watu walikuja na maneno, mengi ya kunisaidia na mengine ya kuniumiza. Wewe ulikuja na leso. Ulinishika mkono hadi ziwani, ukanilaza juu ya ubao karibu na ufuo, ukasimama umeushika huku mawimbi madogo yakiupandisha na kuushusha. Nililia humo hadi nikachoka, na maji yakawa hayajui lipi ni chozi. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kubwa kuliko hilo.

Niliuona mwili wako ukizeeka, Mama, kwa sababu nilikuwa nakuona kila Agosti, na kutoka Agosti moja hadi nyingine tofauti huonekana. Mwaka mmoja ulifika majini ukaweka ubao, ukajaribu kupiga magoti, ukashindwa. Ukajaribu tena. Nilikuwa naogopa kukutazama. Ukalala kifudifudi, ukaja na wimbi umeinua kidevu kama kasa, na ulipofika ukaniambia bila huzuni yoyote, "Magoti imekataa. Tumbo bado iko."

Baadaye na kulala juu ya ubao kukakuumiza mbavu. Ukauacha mchangani, ukaingia mwenyewe hadi mapajani, ukakaa chini, mawimbi yakawa yanakusukuma na kukurudisha. Ulicheka vilevile. Ulipofariki, kitandani kwako, baada ya mvua ndefu, niliomba ubao tu. Wengine waligawana vyungu na mbuzi, na hakuna aliyebishana nami.

Sasa mimi nina miaka sitini na moja. Mwanao amestaafu ualimu, mimi nimefunga duka langu la sare za shule, tumehamia hapa nyumbani. Miaka yote ile ya cherehani imekaa kwenye bega langu la kulia. Magoti nayo yameanza. Lakini niliendelea kupanda mawimbi nimepiga magoti. Vijana wa bodaboda walikuwa wakisimamisha pikipiki kutazama, "Dani ako kwa maji!" wakimaanisha nyanya yao yuko majini, na nitakwambia ukweli, nilipenda. Sikutaka waone nimelala. Niliona kulala ni kama kukubali kukalishwa kwenye kiti cha wagonjwa kanisani.

Agosti iliyopita wimbi lilikuja kwa upande. Nilitaka kujiweka sawa, goti likagoma, bega likagoma, ubao ukapinduka na kunigonga mbavu. Maji yalikuwa ya kifuani tu. Nilijua ardhi iko palepale chini, ila miguu haikuipata. Nilikunywa maji, nikasikia moyo unapiga masikioni, nikawaza, basi ni hivi. Wanawake wa omena ndio walionivuta. Nilipofumbua macho, Ochieng alikuwa amepiga magoti mchangani, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Hakunigombeza. Alinifuta uso kwa shati lake.

Mbavu hazikuvunjika. Lakini jioni hiyo Atieno, binti yetu, alipiga simu kutoka Nakuru. "Mum, tafadhali. Si uko na wajukuu? Cheza na wao." Na baba yake, akiwa ameketi kando ya kitanda, akasema, "Mama Atieno, imetosha sasa." Asubuhi yake akaupandisha ubao juu ya mbao za paa kule stoo. Sikupinga. Niliogopa, Mama. Ninakwambia wewe kwa sababu wao sikuwaambia.

Nikakaa. Alasiri upepo ukianza nilikuwa nafunga mlango. Bega likakauka kabisa, hata kufunga kitambaa cha kichwa sikuweza, ikawa Ochieng ndiye anayenifunga kila asubuhi, vibaya, fundo likiwa juu ya sikio. Alikuwa mpole kwangu kila dakika. Ndiyo maana sikuweza kumkasirikia, na hasira ikakosa pa kwenda ikakaa ndani.

Kisha siku moja tulikwenda ufuoni kununua omena. Unamkumbuka Min Awuor, yaani mama yake Awuor, aliyekuja pale akiwa bibi harusi mdogo, ukampa nafasi ya kutandika nyavu zake kando ya zako? Sasa ni mzee kama mimi. Alimpimia Ochieng omena kwa mkebe, akamwangalia, akasema, "Mwalimu, hata huyu umemkataza?"

Nikauliza, "Hata huyu? Kwani mwingine ni nani?"

Min Awuor akarudi kwenye omena zake. "Uliza bwana yako," akasema.

Tulipofika nyumbani Ochieng alikaa mlangoni na mfuko wa omena mapajani, kama mgeni asiyejua aweke wapi zawadi. Halafu akaniambia. Alikuwa bado mvulana wa shule ya msingi. Watoto wenzake walichora ubaoni, mbele ya darasa, samaki aliyefunga kitambaa kichwani, wakaandika jina lako chini. Mwalimu alipoingia alicheka pia. Ochieng alikimbia hadi nyumbani, akakukuta unaanika nguo, akakuambia, "Mama, ukiingia tena majini, mimi sirudi shule."

"Akasema nini?" nikamwuliza.

"Alichukua ubao tu akauegemeza kwenye banda la mbuzi. Haukutoka hapo tena. Nilimaliza shule, nikaenda chuo, nikaanza kazi, na sikumwona majini hata siku moja."

"Lakini siku uliyonileta mimi..."

"Siku hiyo sikujua kama amerudi. Jirani aliposema yuko ufuoni, nikatembea polepole ili tukute ametoka majini. Nilimwuliza usiku wake. Nikasema, Mama, mbele ya mgeni? Akaniambia, 'Wewe si umemaliza shule?'"

Nilicheka, Mama. Nisamehe, nilicheka hadi mbavu zikauma upya, na mwanao akaniangalia, akaanza kucheka naye, kisha akawa hacheki tena. Nilimshika kichwa nikakiweka begani kwangu, lile zima, tukakaa hivyo na omena zetu.

Tangu siku ile nimefikiri sana. Mimi nilidhani nilikuta mwanamke asiyejua kuacha. Kumbe nilikukuta siku unapoanza upya, baada ya miaka yote hiyo, na magoti ya mwanamke aliyekwisha kulea. Labda uliogopa. Labda ulianguka mara kadhaa kabla hatujafika, na wanawake wale walikuwa wakicheka kwa kukufurahia. Ningetamani kukuuliza.

Asubuhi iliyofuata nilisikia ngazi inaburutwa stoo. Ochieng akatoka na ubao, akaufuta vumbi na buibui, akauweka mbele yangu.

"Utalala kwa tumbo," akasema. "Na mimi nitakuwa ndani ya maji."

"Wewe? Hujui kuogelea."

"Nitasimama pale ninapofika."

Basi tukaenda. Alikunja suruali yake hadi magotini, ikalowa yote hata hivyo, akasimama maji ya kiunoni ameshika nyuma ya ubao kwa mikono miwili, mkakamavu kama anayeshikilia mlango usifunguliwe na upepo. Nililala. Nilisikia aibu kwa muda mfupi tu, pikipiki za bodaboda zikiwa pale barabarani. Wimbi likaja, akaachilia, na ufuo ukanijia tena. Si kwa kasi ya zamani. Nilikuwa chini sana, uso karibu na maji, nikaona povu linavyopasuka, kitu ambacho sijawahi kukiona nikiwa nimepiga magoti. Nilipogusa mchanga nilibaki nimelala nikipumua. Bega liliuma, na mimi nilikuwa mzima.

Tunaenda siku zote ziwa likiruhusu. Wavuvi wakisema kiboko amepita, au gugumaji likiziba ufuo, tunakaa nyumbani. Atieno bado ananuna kwenye simu, lakini siku hizi huuliza, "Na leo mawimbi yalikuwaje?" Bega limeanza kufunguka. Sijui nitalala juu ya ubao huu kwa miaka mingapi, na ikifika siku ya kuuacha mchangani na kukaa mapajani mwa maji, nitakaa.

Lakini neno lililonifanya nikuandikie ni hili. Juzi, nilipomaliza, nilimkuta Ochieng bado amesimama majini anautazama ubao. Nikamwambia, "Lala." Akakataa. Nikamwambia tena. Akavua miwani akanipa, akalala, mzee mzima wa miaka sitini na nne, vidole vimekwama pembeni mwa ubao, macho amefumba. Nikamshikilia. Likaja wimbi zuri, la wastani, nikamsukuma kwa bega langu zima, akaenda.

Alifika mchangani akabaki kifudifudi. Niliharakisha kutoka majini nikidhani ameumia. Alikuwa na mchanga mdomoni na kwenye ndevu. Aliinua kichwa akanitafuta bila miwani, akaangalia upande usio wangu.

"Wairimu," akasema, "Mama alikuwa anafurahi hivi?"

Nikamwambia ndiyo. Akalaza shavu mchangani, nami nikakaa chini karibu naye hadi alipotaka kuinuka.

Pumzika salama, Mama. Mwanao nipo naye.

Mkwe wako akupendaye,
mama yake Atieno