Nampigia Mnada Shamba Jirani Ninayeoga Naye Kila Jumamosi

Bi Saima, shikamoo, na samahani kwa kukusumbua wakati una barua za watu wenye shida kubwa kuliko yangu, lakini nimekwama na nakuomba unishike mkono, maana mke wangu Helvi hajui lolote na siku yoyote atajua.

Mimi ni fundi wa kujenga kwa magogo, umri umeshapita sitini, na miaka minne iliyopita nilimjengea jirani yangu Veikko sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, sauna ya mierezi ambayo ukiinusa tu mafua yanakwisha, akanilipa nusu, kisha kiwanda cha mbao alichokuwa akifanya kazi kikafungwa, na nusu iliyobaki, dola elfu nne, ikabaki inaning'inia hivyo hivyo. Sasa Bi Saima wewe ni mtu wa huku, unatujua, mimi siwezi kumwambia mtu "nilipe", ulimi unakufa ganzi, kwa hiyo nikawa nangoja aseme yeye, na yeye kila Jumamosi anawasha moto, ananipigia simu, anasema, "Mawe yamekolea, njoo," nami nakwenda, tunakaa benchi la juu uchi kama tulivyozaliwa, anamwagia mawe maji, mvuke unapanda, anaongea habari za theluji, nami namjibu habari za theluji, kisha tunakunywa kahawa na mkate wa iliki, narudi nyumbani na dai langu.

Mwaka jana barafu ilipoanza kuyeyuka jamaa mmoja mgahawani akaniambia kwamba mahakamani siku hizi ni kujaza karatasi dirishani tu, huhitaji kuongea na mtu. Hapo ndipo shetani aliponipata, nikajaza. Veikko hakutokea siku ya kesi, nikashinda nikiwa peke yangu, na Jumamosi ile ile simu ikalia, "Mawe yamekolea, njoo," nikaenda nikijua leo maji ya moto atanimwagia mimi, na yeye akaniambia, "Kuni za mwaka huu zimekauka vizuri."

Afisa wa mahakama akatafuta mali ya kukamata, akakuta gari bovu na benki hamna kitu. Kilichobaki ni lile shamba analoishi, na lenyewe si lake bado, analinunua kwa mafungu kutoka kwa Lempi, ambaye, Mungu anisamehe, ni mama mkwe wangu. Ameshalipa miaka kumi na moja, imebaki sita, na hati iko kwa mama. Afisa akasema hakuna neno, haki ya mnunuzi nayo ni mali, inakamatwa na kuuzwa mnadani, na mimi mwenyewe naweza kuinunua kwa dai langu. Bi Saima, sikufichi, nilifurahi. Ekari arobaini zenye kulungu kila pembe, kwa deni la sauna! Nilitembea siku nzima kama bwana mkubwa.

Jumapili tukaenda kwa mama mkwe kunywa kahawa. Helvi alipoingia jikoni, mama akanisogelea, akaninong'oneza, "Mkwe wangu, nimeletewa barua ya mahakama. Nasikia unataka kuwa mdeni wangu. Karibu sana! Mimi hupokea tarehe mosi, na theluji ya paa langu huwa inaondolewa kabla sijaamka." Akacheka mpaka akashika mbavu. Sikuelewa anacheka nini, na sikuuliza.

Mnada ni Ijumaa ya wiki ijayo. Jumamosi iliyopita Veikko alinionyesha tangazo lenyewe, akasema, "Safari hii jina langu wameliandika sawasawa, herufi zote," kisha akanipa kile kifungu cha matawi mabichi tunachochapana nacho saunani ili damu itembee, nimchape mgongo kama kawaida yetu. Nikamchapa, nikaona jinsi mgongo ulivyokonda, nikashukuru kwamba usoni sote tulikuwa na jasho. Sitaki ahame, Bi Saima. Lakini pesa nayo nimeitolea nguvu zangu. Nifanyeje? Tafadhali usitaje jina langu.

Ni mimi, Mjenzi Mwenye Haya.

*

Bi Saima anajibu:

Marahaba, Mjenzi. Jina lako sijalitaja. Limetajwa ukurasa wa saba wa gazeti hili hili, kwenye matangazo ya minada, wewe mdai na Veikko mdaiwa, na limekaa hapo wiki ya tano sasa. Kama Helvi hajaliona, ni kwa sababu yeye huanza na ukurasa wangu, na leo ameshausoma. Mtengenezee kahawa, umwombe radhi, umweleze yote.

Huruma kwanza, maana unaistahili kidogo. Kazi uliifanya, pesa ni yako, na Veikko naye ana kosa, kwa sababu mtu mzima anaweza kusema "sina, nivumilie" bila kufa. Basi, huruma imekwisha. Wewe baba wa watu umekwenda mahakamani ili usiongee! Nimepokea barua za wanaoshtakiana kwa chuki, kwa wivu, hata kwa mbuzi, lakini aliyemkamatia jirani yake shamba kwa sababu ya haya, wewe ndiye wa kwanza kwangu. Eti ulimi unakufa ganzi. Mkono wa kujaza karatasi mbona haukufa?

Sasa nikueleze alichochekea mama mkwe wako, maana naona kimekupita. Ulichokamata si shamba. Hati ya shamba anayo Lempi. Ulichokamata ni nafasi ya Veikko, na ndani ya nafasi hiyo mna mafungu ya miaka sita ambayo hayajalipwa. Ukiinunua mnadani, na Veikko akashindwa kuikomboa katika muda ambao sheria inampa, utakaa wewe mahali pake. Kila tarehe mosi utabisha hodi kwa mama mkwe na pesa mkononi. Ukishindwa kulipa, ana haki ya kudai ardhi yake irudi, na elfu nne zako utaziona ndotoni. Ulidhani unajichukulia ekari arobaini, kumbe unajiandikisha deni kubwa kuliko unalodai, tena kwa Lempi! Mimi ninayemjua nilicheka kabla sijamaliza kusoma.

Na akitokea mgeni akatoa bei? Pesa yako utaipata, sikatai. Veikko atapoteza miaka kumi na moja ya kulipa, atafunga vitu vyake kwenye lile gari bovu, na mama mkwe atapata mnunuzi asiyemjua. Koleo la theluji litakuwa lako. Wiki jana nilipita kwa Lempi nikamwona nani juu ya paa? Huyo huyo mdeni wako. Wewe mkwe ulikuwa ukidhani linajisafisha.

Haya, sikiliza, na usiniletee "lakini". Kesho asubuhi nenda kwa mwanasheria, umwambie unataka kusimamisha mnada. Uliuomba mwenyewe, na unaweza kuuzuia mradi usingoje mpaka Ijumaa yenyewe. Hukumu usiifute. Muulize jinsi dai lako litakavyobaki limeandikishwa juu ya haki ya Veikko, ili siku akiuza au akimaliza kununua usisahaulike. Kisha muandikiane malipo ya kidogo kidogo, hata dola mia kwa mwezi. Wewe unamwona Veikko kuwa mtu asiyelipa. Nimemuuliza Lempi mwenyewe: kiwanda kimefungwa, ameuza bunduki yake, amepasua kuni za watu, na hakuna mwezi hata mmoja alioruka. Huyo ni mtu wa kulipa, bwana. Hukulipwa kwa sababu hukuomba.

Karatasi atazishughulikia mwanasheria. Lililobaki ni lako. Jumamosi akikupigia simu, nenda. Kabla hajamwaga maji ya kwanza, mwambie, "Veikko, nataka pesa yangu, na sitaki uhame." Yote mawili, kwa pumzi moja, na usitie theluji hapo katikati. Ataanza habari za kuni, maana naye ni mtu wa huku huku. Joto litapanda, utatamani mlango. Kaa hapo hapo, usitoke mpaka akujibu.