Konokono Chini ya Mto

Kilburn, Jumanne, Februari 2001

Nusura wifi anifumanie leo. Mjane mzima niko edani, miezi minne sijavuka mlango huu, na kumbe nachezea gemu ya binti yangu Rukia! Humo ndani namlea konokono wa bahari wa zama za kale, aliyefufuliwa kutoka kwenye jiwe. Wifi alipoingia kunisomea Yasini, nikaisukumia gemu chini ya mto. Katikati ya kisomo mto ukalia pi-pi-pi.

"Saa hiyo inalia," nikasema. Uongo mtupu, na eda juu.

Jioni Rukia kaniambia kwa Kiingereza chake kwamba konokono wangu hakui kwa sababu simtoi nje.

Zimebaki siku tisa nitoke edani. Hata basi sijui kupanda. Kila mahali nilikwenda na marehemu.

"Huko nje atakwenda na nani?" nikamuuliza.