Vitamini za Mariamu

Mjukuu wangu Idi,

Huku Nyakabiga tunamshukuru Mungu. Goti la mama yako limepona, na dada yako ameanza kujifunza kushona. Umeniuliza kwa nini wenzako kwenye timu ya riadha wanameza vitamini na unga wa nguvu, na chakula wanakula wakashiba. Nami niliwahi kujiuliza hivyo.

Wakati wa vita nilikuwa nakimbia na rafiki yangu Mariamu. Mji ukitulia kidogo tulikwenda uwanjani. Siku moja alikuja na kopo la vitamini, alilouziwa na mama mmoja mchuuzi wa Gatumba. Nilidhani anataka kuniacha nyuma.

"Hizi zinakuongezea mbio?" nikamuuliza.

"Apana. Sijaona kitu."

"Sasa unamezea nini?"

Akafikiri kwanza. "Yule mama aliniambia nimeze kila asubuhi mpaka mvua ziishe. Tangu tumpoteze kaka, hakuna mutu mwingine aliyeongea na mi kama vile mvua zikiisha nitakuwepo."

Kesho yake nilimpitia kwao asubuhi, nikamwambia nitampitia hivyo kila siku. Vitamini ziliisha kabla mvua hazijaisha, hakununua nyingine, na tuliendelea kukimbia.

Kuhusu unga wenyewe, muulize daktari wa timu. Lakini sababu waulize wenzako, mmoja mmoja, mkiwa wawili tu. Kisha uniandikie, maana natamani kujua watakujibu nini.

Bibi yako,
Zaina