Mivule Yenye Alama ya Mjerumani

Guangzhou, 9 Mei 2024

Mjomba Sostenes,

Shikamoo. Mimi mzima. Benedicta wa kijijini kwetu ana mgahawa hapa mtaa wa Dengfeng, na makande yake yamenikumbusha kwako.

Mteja wake mmoja Mjerumani amenisomea daftari la yule bwana misitu wa Kijerumani wa enzi za ukoloni, aliyekuwa pia mtaalamu wa wanyama. Mivule aliyoichonga alama shambani kwetu hakutaka ikatwe. Aliiacha izeeke, ndege hondohondo wapate mashimo ya kutagia. Sisi tumeikata miaka yote tukidhani ndilo agizo lake. Hata mimi nilishika msumeno.

Imebaki minne. Mnunuzi wa mbao uliyenituma kwake nimemwambia haiuzwi. Akacheka: "Bosi ni wewe au mjomba wako?"

"Mjomba," nikajibu.

Atakupigia Jumatatu. Mkatalie, mjomba wangu.

Mpwa wako akupendaye,
Careen