Manila ya Kikundi cha Nne

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Darasa la Tano. Watoto tisini na mmoja, madawati ishirini. Kwenye semina ya Kasulu walituambia tubungue bongo: uliza, pokea kila jibu, usimkosoe mtu. Nikauliza — nini kinatuzuia kusoma vizuri? Wakatazamana. Nikasema leo hakuna jibu la kosa. Nikawagawa vikundi, kila kikundi karatasi ya manila na maka peni. Hapo wakaamka! Kelele mpaka Mwalimu Pasikali, mkuu wetu, akachungulia. Nikamwambia ni majadiliano. Akacheka, akaenda zake.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimebandika manila ukutani. Njaa. Madaftari. Kuchota maji. Kikundi cha nne: "Kulima shamba la mwalimu mkuu Jumatano na Alhamisi." Katibu wao ni Kezia, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Nilisoma mara mbili. Kweli tupu. Msimu wa mahindi huu, na mimi ndiye huwahesabu wakitoka na majembe. Sikuibandua. Sikuisifu. Nikasema tu, haya, kikundi cha tano.

Jumatano, 9 Oktoba
Mkuu ameiona. Hakufoka. Aliuliza taratibu nani alisema. Nikamjibu mawazo ni ya kikundi, hayana mwenyewe.

"Sawa, Madamu Shamsia. Basi kikundi ni akina nani?"

Fomu yangu ya uhamisho ilikuwa mezani kwake. Miaka mitano niko huku Makere, na mama anaumwa Pangani. Bila saini yake haiendi popote. Nikataja majina sita, kama naita mahudhurio. Akasaini palepale.

Wenzao waliachiwa saa nane. Wale sita wamelima peke yao hadi saa kumi na moja jioni. Walipita hapa kwangu na majembe. Nikamuuliza Kezia kama wamemaliza. Akaitikia "ego", ndiyo ya kwao, kama wanavyoitikiana wenyewe kwa wenyewe, wala hakusimama. Nilidhani nitalia. Nimekula ugali na dagaa, nimefua. Naona aibu, lakini kwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Alhamisi, 10 Oktoba
Naandika humuhumu darasani, mezani. Mthibiti ubora wa shule kutoka wilayani ameketi nyuma, mama mmoja mpole. Ametaka kuona mbinu shirikishi. Nimeandika ubaoni: Tufanye nini shule yetu iwe bora? Vikundi vimekaa. Manila zipo, maka peni zipo. Dakika kumi sasa. Hakuna hata neno. Nimezunguka, nimewabembeleza, nimerudi kukaa. Wananiangalia tu, wametulia, hawana hata hasira. Afadhali wangekuwa nayo.

Kezia amekuja mezani na manila yao. Nyeupe. Ameishika kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo kwa adabu, ananong'ona:

"Madamu, tuandikie wewe unayotaka. Sisi tutanakili."

Mama mthibiti ameinua kichwa. Anauliza mtoto anasemaje.