Namba ya gari la Papa

Jumapili, Kalemie. Upepo wa kiangazi umevuma tangu asubuhi, ziwa limechafuka, na vumbi la mtaa wetu wa Kataki limeingia mpaka ndani ya kabati la sahani. Kichwa changu kiko hivyo hivyo.

Nimefungua ukurasa huu mara tatu na kuufunga mara tatu. Nianze na gari, maana mengine yote yametokea huko.

Gari limekwisha.

Kwa miaka miwili ya kulifufua nimetamani kuandika maneno hayo mawili hapa. Leo nimeyaandika na hayana ladha.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa garimoshi. Kabla sijazaliwa alilipata gari hili kwa mhandisi mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ni la Kimarekani, milango miwili, boneti ndefu kama meza ya karamu, injini ya silinda nane inayonguruma hata gari likiwa limesimama. Mtaani waliliita Dume la Pepa, kwa sababu ng'ombe wa kule juu Pepa ni wakubwa na wana sauti. Papa akiliwasha asubuhi, majirani walijua saa bila kutazama saa.

Papa alifariki, gari likabaki uani. Kisha ziwa likapanda. Watu wa hapa hawahitaji kuelezwa; wa mbali wajue tu kwamba maji yaliingia kwetu yakakaa miezi, na gari likakaa ndani yake mpaka usawa wa viti. Yalipotoka, niliweza kupitisha ngumi kwenye mlango bila kuufungua. Kutu ilikuwa inamenyeka kama maganda ya mti. Watu walinishauri niliuze kwa wakusanya vyuma. Mimi, mwoga wa kila kitu, hata wa kuvuka barabara, sijui nilipata wapi kichwa kigumu. Nilikwenda kumtafuta Papa Musafiri.

Papa Musafiri ni fundi wa bodi za magari, Mubembe wa upande wa Baraka, mikono yake imejaa alama za cheche. Alilizunguka gari mara moja, akagonga hapa na pale kwa spana, akasema, “Mutoto yangu, hii si gari. Hii ni ukumbusho wa gari.” Kesho yake akaja na vifaa.

Tulifanya kazi umeme ulipokuwepo. Sakafu yote ameitengeneza kwa bati la mapipa ya mafuta. Mlango wa kushoto ni mpya, ameukunja mwenyewe juu ya reli kuukuu. Mimi nilikuwa na orodha. Ndivyo nilivyo, siwezi kufanya jambo bila orodha. Niliiandika kwa mwandiko mzuri, nikaibandika ukutani, na mstari wa kwanza ulisema: kutu yote iondolewe, isibaki hata chembe. Kila jioni nilipita na kisu nikichokoachokoa chuma. Palipobonyea, nilichora duara kwa chaki, na Papa Musafiri akakata.

Sasa nije kwenye kosa.

Mimi ni karani. Sitaji biro, yaani ofisi yangu, na kama kuna mtu wa biro anasoma hapa, nimekwisha. Kazi yangu ni magari ya watu. Mtu analeta gari, ninaweka karatasi nyembamba juu ya namba iliyogongwa kwenye chuma chake, ninasugua kwa penseli, na namba inatokea nyeupe katikati ya kijivu. Ninailinganisha na iliyoandikwa kwenye karte roze, ile kadi ya mwenye gari. Zikilingana, ninapiga muhuri. Zikitofautiana hata tarakimu moja, ninarudisha. Nimerudisha wengi. Kuna mtu wa Nyunzu nilimrudishia pikapu yake kwa sababu ya nane iliyofanana na tatu. Aliniambia mbele ya watu wote, “Wewe mama, uko na macho ya daktari na roho ya polisi.” Watu walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, nikamrudisha.

Jumamosi ijayo kuna maonyesho ya magari ya zamani kwenye uwanja wa mpira. Wanakuja wapenzi wa magari hayo kutoka Lubumbashi, watayapima na kuyapa nafasi, na kila gari lazima liwe na cheti kipya cha biro yetu. Shefu wangu, mkuu wa biro, ameliweka Dume la Pepa la kwanza kwenye orodha. Ana fahari nalo kuliko mimi. Kesho asubuhi atakuja kulitazama na kutia sahihi.

Kwa hiyo Ijumaa nilirudi nyumbani na karatasi yangu na penseli yangu. Nilifungua boneti. Niliweka karatasi chini ya kioo cha mbele, mahali namba inapokaa kwenye magari ya aina hii. Nikasugua.

Karatasi ilitoka ya kijivu. Ya kijivu yote.

Nilisugua tena pembeni. Nikasugua juu, nikasugua chini. Nilijaza karatasi nne. Kisha nikaona ule mshono mwembamba wa kuchomelea, uliopigwa msasa vizuri mpaka hauonekani usipoutafuta, nikakaa chini kwenye mchanga na nguo zangu za kazi.

Kipande cha chuma cha mahali pale kilikuwa kimeoza. Ninakumbuka siku ile. Papa Musafiri aliniita, akaniuliza, “Hata hapa?” Na mimi, niliyekuwa natazama orodha yangu, sikuinua kichwa. Nilisema, “Papa, nilisema yote.” Akakata. Namba ilikuwa chini ya ganda la kutu na rangi ya zamani, haikuonekana. Lakini mimi nilijua namba inakaa wapi. Hiyo ndiyo kazi yangu, na hakuna nyingine ninayoijua. Dirishani kazini jambo la kwanza ni namba. Nyumbani sikuiwaza hata siku moja, kwa sababu nani anatafuta uthibitisho wa gari la baba yake?

Jana nilimwuliza Papa Musafiri alikitupa wapi kipande. Alishangaa. Hatupi chuma. Mabaki yote humpelekea jamaa anayetengeneza mbabula, majiko ya makaa, pale sokoni. Nikaenda. Nitakiri hapa kitu ambacho sitamwambia mtu: nilipindua mbabula za watu soko zima. Nilikuwa naokota moja moja, nageuza juu chini, natazama miguu, natazama matako yake, kama mtu anayenunua kuku. Mama mmoja mwuza dagaa alinitazama mpaka akashindwa kuvumilia.

“We dada, unatafuta mbabula ao unatafuta mume?”

“Natafuta namba, mama.”

“Namba ya simu yake?”

Soko zima likacheka. Mtengenezaji mwenyewe alinihurumia. Aliyakumbuka mabati yale, alisema yalikuwa mazito kuliko ya siku hizi, yanashika moto vizuri. Mafungu yale yote ya mbabula yalipanda garimoshi zamani, yakaenda Nyunzu na Kongolo. Kwa hiyo namba ya gari la Papa, kama haikukatwa vipande, iko jikoni kwa mtu, chini ya sufuria ya maharage. Nilirudi kwa miguu. Sikujua kama nilie au nicheke, na nilifanya vyote viwili kwa zamu, mpaka mtu wa pikipiki akasimama kuniuliza kama niko salama.

Leo baada ya misa Papa Musafiri alikuja na kopo la maziwa. Ndani mlikuwa na vyuma vya kugongea namba, kimoja kwa kila tarakimu: unakisimamisha juu ya chuma, unapiga nyundo, alama inabaki. Alivipanga juu ya boneti, juu ya kitambaa, asikwaruze rangi. Sita haikuwepo.

“Sita na tisa ni muntu mumoja,” alisema, “anageuza tu kichwa.”

Nilimwambia siwezi. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata mimi sikuisikia vizuri.

“Namba iko kwa karte roze, sivyo? Hiyo njo namba ya gari hii, si ya ingine. Tunairudisha kwake. Uongo iko wapi?”

Mama yangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, pale pembeni, hakusimama hata kupumua. “Huyu aniulize mimi,” alisema, na mchi ukapiga. “Nilipandaga hii gari na mimba yake. Anatafuta namba! Mimi sikugongwa namba, mbona ananiita mama?”

Papa Musafiri alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilivichukua vile vyuma nikavirudisha kwenye kopo, nikasema nitafikiri. Akaniambia nisifikiri sana, anajua vile ninavyofikiri. Akaliacha kopo.

Liko hapa mbele yangu sasa, kando ya kompyuta. Bado kuna mwanga nje. Nyundo iko.

Nijaribu kupanga mawazo kama ninavyopanga faili, labda yatatii.

Nikigonga, hakuna atakayejua. Hili ndilo linaloniogopesha zaidi. Namba iliyogongwa upya ina kingo zinazong'aa na mistari isiyokaa sawa, na mtu wa kuyaona hayo katika biro yetu ni mimi. Shefu atatazama rangi. Wageni wa Lubumbashi watatazama injini. Nani atabaki wa kumrudisha karani? Na namba itakuwa ya kweli. Gari ni la kweli. Alama tu ndiyo itakuwa ya uongo, itasema “mimi ni ya zamani” wakati ni ya Jumapili hii.

Lakini gari lenyewe je? Sakafu ni mapipa. Mlango ni wa Papa Musafiri. Viti ni vipya, harufu ya Papa ya mafuta na tumbaku ilikwisha kuondoka na maji. Kama chuma chote kingeweza kubadilishwa na bado nikaliita gari la Papa bila aibu, kwa nini tarakimu zinanitetemesha? Na kama tarakimu ni uongo, je, mlango si uongo? Nimezunguka hapo tangu saa nane.

Nisipogonga, njia ipo. Ninaijua, nimeieleza kwa watu dirishani kwa sauti yangu ya kikazi. Unajaza tamko la gari lisilo na namba. Linasubiri. Baada ya miezi, tume inakuja kuligonga namba mpya. Jumamosi halitoki nje ya ua, na shefu atalifuta kwenye orodha aliyokwisha kuitangaza, na sijui atanifanya nini mimi. Hilo naliogopa, lakini naona ninaweza kuliogopa na bado nikala.

Nisiloweza kulimeza ni jingine. Gari lenye namba mpya ni gari jipya mbele ya sheria. Karte roze ya zamani inatobolewa tundu katikati na kufungiwa kwenye faili. Nimetoboa nyingi, kuna kifaa chake, kinafanya sauti ndogo kama karanga inayovunjika. Kadi mpya inaandikwa mmiliki wa kwanza. Wa kwanza nitakuwa mimi. Jina la Papa halitakuwa mahali popote.

Miaka miwili nilifanya kazi ili gari lirudi kuwa lake. Na uaminifu wangu ndio utakaolifanya lisiwe lake kamwe.

Nimerudi kwenye kompyuta. Saa kumi na nusu nilisimama, nikachukua nyundo na kile chuma cha namba moja, ili kujaribu tu, juu ya kipande cha bati kilichobaki. Nilipiga. Alama ilitoka safi. Halafu, bila kupanga, nilitoa karatasi nyembamba mfukoni nikaiweka juu yake nikaisugua, na jicho langu likaona papo hapo: kingo kali, mpya, za leo. Jicho halikuniuliza mimi ni nani. Lilirudisha.

Nikajua kwamba nikigonga, kila mara nitakapofungua boneti hiyo sitamwona Papa. Nitaona gari la kurudishwa dirishani.

Basi nimejaza tamko. Fomu moja nilikuwa nayo kwenye begi, ninabebaga zaidi kwa hofu ya kuishiwa. Nimeandika jina langu palipo na mwombaji, ajabu kuliona upande ule. Nimeandika kwamba kipande chenye namba kilikatwa kwa amri yangu. Nimeandika amri yangu, si kosa la fundi. Mwandiko unasomeka.

Kisha nikafika kwenye mstari wa mwisho, ule ambao watu wote huuacha wazi na mimi huwagombeza: asili ya gari. Wanaoelewa huandika nchi ya kiwanda, au bandari lilipoingilia. Nilianza kuandika Marekani. Nikafuta.

Nimeandika jina la Papa. Majina yake yote matatu, na kazi yake, fundi wa garimoshi, Kalemie.

Si jibu sahihi. Mstari huo hauulizi mtu. Mimi mwenyewe, mtu angeniletea fomu hii dirishani, ningemwonyesha kwa ncha ya kalamu na kumrudisha nyuma ya foleni.

Nimeiacha hivyo. Kesho asubuhi, kabla shefu hajafungua boneti, nitamwekea fomu mkononi.