Hakuna Aliyeitikia

Jumatano, Karatu. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na ofisini tumewasha taa mchana kutwa.

Wenzangu wameshaondoka. Naandika sasa hivi, kabla hofu haijanibadilishia maneno.

Jumamosi gari la mradi wa mifugo lilishuka kwenye maboma ya Olbalbal na kanda ya onyo. Kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoua hata watu, kimeingia huko. Kanda ilikuwa na jambo moja tu la kusema: ng'ombe akifa ghafla msimchune, msimle, mfukieni. Aliyesema ni mkunga mmoja wa Kimaasai, kwa Kimaa, na hata mimi, Mwiraqw wa Ganako nisiyekijua Kimaa, niliiamini sauti yake. Kushoto kwake Bwana Meneja aliweka kengele za ng'ombe, kulia akina mama wakiimba, ili watu wavutiwe. Alitumia maikrofoni mbili na mashine mpya ya stirio, fahari yake. Kazi yangu ilikuwa kuisikiliza kanda kwenye zile spika mbili kubwa za studio, kisha kuigonga muhuri kwamba imekaguliwa.

Niligonga.

Sauti ya mkunga ilikuwa ya ajabu kidogo. Haikukaa katikati ya spika. Ilitoka kila mahali, kama mtu anayesemea ndani ya kichwa changu. Meneja alisema huo ndio uzuri wa stirio. Mimi ni nani nibishe?

Jana Mzee Bayo, dereva wetu, mtu wa Rhotia, alikuja kurudisha funguo za gari, akabaki amesimama mlangoni. Alinieleza watoto walivyolikimbilia gari na vijana walivyoruka. Nikasema basi tangazo limepokelewa. Akatikisa kichwa.

"Karani, hakuna aliyeitikia."

Wamaasai hawapokei habari kimya. Msemaji akivuta pumzi, msikilizaji anaitikia "ee", akiendelea anaitikia tena, mpaka habari iishe. Bayo anasema hata spika ya gari huwa wanaiitikia; ameyaona hayo miaka yote anayowapelekea matangazo. Safari hii, boma baada ya boma, walitabasamu tu. Yeye alikuwa chini ya spika, injini inanguruma, na Kimaa hakijui. Alidhani labda mkunga amewaudhi.

Leo asubuhi nikaingia studio peke yangu. Kwenye mashine kuna kitufe kinachounganisha pande mbili za sauti kuwa moja. Meneja aliwahi kuniambia kitufe hicho ni cha watu wenye redio za shida, za spika moja, tusikiguse. Lakini juu ya gari letu kuna spika moja. Nimepita chini yake kila siku ya kazi na sikuwahi kulifikiri hilo.

Nikabonyeza.

Kengele zilibaki. Wimbo ulibaki. Mkunga hakuwepo. Ulibaki mnong'ono mwembamba, kama mtu aliyekwisha kuvuka kilima. Nikaachia kitufe, akarudi. Nikabonyeza, akaondoka.

Nikafuata waya. Waya wa maikrofoni moja ulitafunwa na panya, na Meneja aliuunga mwenyewe kwa risasi ya kuyeyusha. Nyuzi mbili amezipishanisha. Kwa hiyo upande mmoja unasukuma pale mwingine unapovuta, na sauti ya mtu aliyesimama katikati, inayoingia sawasawa pande zote mbili, inajifuta. Kengele na wimbo, kila kimoja karibu na maikrofoni yake, vimepona.

Dawa yake ni rahisi kiasi cha kutia aibu: kuchukua upande mmoja tu. Nilijaribu kwenye kanda nyingine, na mkunga akasema wazi. Lakini kanda mpya ni safari mpya, na dizeli haiombwi bila sababu. Sababu ni kwamba safari ya kwanza haikubeba kitu. Siku hizi mtu anaweza kuitwa mhujumu uchumi kwa kidogo kuliko hicho, na muhuri kwenye ile kanda ni wangu.

Hata hivyo nilikwenda kumwambia Meneja. Alisema kwenye spika zake hakuna kasoro, na ni kweli, hakuna. Nikamsihi tutoke uani. Bayo akaweka kanda kwenye gari. Ndani ya ukungu zikaja kengele, akina mama, kengele. Mpishi wa kantini akatoka akitikisa mabega kwa furaha. Meneja alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani mwingine amesikia?" akauliza.

"Olbalbal nzima, Bwana Meneja," Bayo akajibu.

Meneja akasema tutaona mgao wa dizeli ukifika. Akaingia ndani.

Mchana zahanati waliita mtu wa mradi. Nikaenda mimi. Lori la mahindi lilikuwa limemshusha mwanamume kutoka Olbalbal, mkono umevimba hadi begani, juu ya kiwiko kidonda kikavu cheusi kama kaa. Kiswahili alikijua. Nilimuuliza kama Jumamosi alilisikia gari letu.

Alilisikia vizuri. Lilipita wakiwa wanamchuna ng'ombe aliyekufa ghafla. Mkewe aliufuatisha ule wimbo.

"Tuliwapungia," alisema. "Mikono ilikuwa na damu, lakini tuliwapungia."

Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mgeni anayetaka kujua habari za mjini: "Nani alikuwa anaoa?"

Kuna dizeli iliyowekwa kwa safari ya Meneja kwenda Arusha. Bayo anajua ilipo. Alfajiri tunashuka, hatujaomba ruhusa. Kanda ya upande mmoja ninayo mfukoni mwa koti, na kila baada ya muda naigusa kuhakikisha ipo. Nitakaa karibu na Bayo, dirisha wazi, na kila boma tutazima injini. Nisiposikia "ee", nitashuka nikaseme kwa Kiswahili changu mpaka apatikane wa kunitafsiria.

Nikirudi huenda nisikikute kiti changu. Hilo naliogopa, siwezi kusema siliogopi. Baba amenisomesha kwa ajili ya kiti hicho.

Ila zahanati iko njiani, na tutapita mbele ya dirisha la mgonjwa yule. Akiwa bado anasikia, asikie na yeye.